Jiwe Lililolowa

Mume wa mpiga picha alikuwa askari wa hifadhi ya jangwa, kule ambako majabali ya mchanga yamejichora mistari myekundu, ya njano na ya zambarau, jabali zima kama kitanda kilichotandikwa mashuka mbalimbali. Siku moja akiwa doria alipigwa nyundo ya uso, akaachwa kwenye mchanga kama maiti. Jicho la kushoto likaenda. Mkuu wa hifadhi alipomuuliza nani kakupiga, akajibu hakumwona mtu. Basi ikasemwa alilewa akaanguka, wakamvua sare. Mwanamume ambaye hata soda humchefua, eti alilewa.

Mkewe aliwashuku wezi wanaobandua mawe ya rangi hifadhini wakayauze, akajiapia kwamba atawaleta kwenye picha, sura zao wazi, ili mumewe arudishiwe sare yake. Kibali cha kuingia alikuwa nacho, kwani kazi yake ni hiyohiyo, kupiga picha za majabali kwa ajili ya kalenda.

Jioni shemeji yake, mdogo wa mume, alikuwa akija kula kwao. Alikuwa mtu wa maneno mengi.

"Shemeji, leo mawe yamekaa vizuri, au yamekataa kucheka?"

"Mawe hayana shida. Shida ni wewe, huna kazi lakini viatu vipya kila mwezi."

"Miguu yangu ina bahati kuliko mimi."

Mpiga picha akacheka. Mume hakucheka. Kila mdogo wake alipoingia, yeye aligeuza kiti akaelekea ukutani. Mkewe alidhani ni aibu ya jicho.

Sasa, wapiga picha wa majabali wana ujanja wao. Jiwe kavu rangi zake hulala, ukilinyunyizia maji zinaamka. Ila jiwe la mchanga likinywa maji mengi hulegea kama biskuti kwenye chai, ndiyo maana mpiga picha hunyunyiza kidogo tu, na pale aliponyunyiza hakanyagi.

Asubuhi ile alikuwa juu ya jabali, chupa mkononi, akasikia tindo ikigonga bondeni. Akalala kifudifudi. Chini kulikuwa na lori na watu wawili waliojifunga vitambaa usoni, wanabandua mabamba ya jiwe. Akavuta lenzi. Mmoja akashusha kitambaa afute jasho.

Shemeji yake.

Kidole kilibonyeza chenyewe. Chupa ikamponyoka, ikaenda ikigongagonga mwamba hadi miguuni mwao. Mwenzake, aliyekuwa dereva, alikimbia, akawasha lori akatokomea. Shemeji hakukimbia. Alichukua nyundo akapanda.

"Leta hiyo kamera."

"Ni wewe uliyempiga kaka yako?"

Jibu lilikuwa ngumi ya mdomo. Meno mawili yakalegea, damu ikamjaa kooni. Ngumi ya pili ilimkuta mbavuni. Mpiga picha akamtupia mchanga wa macho, akamponyoka, akakimbia juu ya ukuta mwembamba wa jiwe ulioungana na jabali la pili.

Katikati ya ukuta aliona rangi zimeamka. Nyekundu mbichi kama nyama buchani, zambarau iliyokolea. Mvua haikunyesha, na yeye pale hakunyunyiza. Pembeni madumu matupu yamelala. Akaelewa: walilimwagia jiwe maji usiku kucha, lilainike, walikate kirahisi.

Akaruka, akapita juu ya pale palipolowa, akaanguka upande wa pili kwa magoti. Akageuka. Shemeji anakuja mbio, nyundo juu, hasira zimemsahaulisha maji aliyomwaga kwa mikono yake.

Mpiga picha alifungua mdomo amwonye. Akaufumba.

Ukuta ulikatika bila kelele kubwa. Shemeji alishuka pamoja na jiwe, na bamba likamlalia mguu. Mfupa ulichomoza juu ya kiatu kipya.

Mpiga picha alipomshukia, alimkuta amejikunja analia. Akainama kumtazama, na ndipo akajua hajamjua bado. Shemeji aliudaka mkanda wa kamera, akaivuta ikamtoka shingoni, akaitwanga kwa nyundo, akaitwanga tena, mpaka lenzi na kadi ya picha vikawa unga mmoja na mchanga.

"Haya," akasema akihema. "Kawaonyeshe."

Mpiga picha alimkanyaga kifundo cha mkono, nyundo ikamtoka. Akaiokota. Akaiinua. Akaona jinsi kichwa kilivyo karibu, na jinsi jambo lenyewe lilivyo jepesi.

"Shemeji, usiniache hapa. Damu inaisha."

"Uliua jicho la mtu aliyekulea."

"Unadhani hakuniona?" Akacheka, mate yakatoka na mchanga. "Siku ile sikujifunika. Alinitazama usoni, akaniita kwa jina la utotoni. Ndiyo nikapiga."

Nyundo ikashuka polepole. Aliirusha mbali. Akachukua mkanda wa kamera, akamkaza paja hadi shemeji akazimia, akaliinua bamba kwa mguu wa kusimamishia kamera, akamburura kwenye turubai lililoachwa na dereva mpaka kwenye gari lake. Njia nzima alitema damu dirishani.

Zahanati ilikuwa langoni mwa hifadhi. Muuguzi akamwita mkuu, mkuu akaagiza mume aitwe. Alikuja mbio na kandambili. Alipomwona mdogo wake juu ya machela, akaegemea mlango.

"Ulijua," mkewe akamwambia.

"Nilimbeba mgongoni huyu, mama alipotutoka. Ningesema nini?"

"Ungeniambia mimi."

Kofi alilompiga lilitokea upande wa kushoto, upande asioweza kuona linavyokuja. Mume hakujishika shavu. Mkuu wa hifadhi akatazama sakafu.

"Mama," mkuu akasema, "umesema uliwapiga picha. Ziko wapi?"

Mpiga picha akamwaga mezani vipande vya kamera alivyovizoa pamoja na mchanga wake.

"Zimekwisha," akamwambia mumewe, mdomo umevimba maneno hayatoki vizuri. "Limebaki jicho lako moja. Sema lilichoona lile lililokwenda."

Kwenye machela shemeji alikuwa amefumbua macho. Akamwita kaka yake taratibu, kwa sauti ya mtoto anayetaka kubebwa. Mume akamkaribia, akamfunika shuka miguuni, akamweka sawa mto.

Kisha akamgeukia mkuu.

"Ni huyu," akasema.