Rafiki wa Alasiri

Hilary aliacha kazi ya ualimu mwaka ule ule aliomleta baba yake Maskati, na aliyemjua hakuhitaji kuuliza kwa nini. Mzee Norman alikuwa amebaki peke yake katika nyumba yake huko Doncaster tangu alipofiwa na mkewe, na akili ilikuwa imeanza kumtoka kidogo kidogo. Aliwahi kuacha jiko la gesi likiwaka, akavaa koti lake la zamani akaenda stesheni kushika zamu, wakati kazi yenyewe ya kuongoza ishara za treni alikwisha kuistaafu zamani sana. Keith, kaka yake Hilary, alikuwa anakaa karibu, lakini kila alipoambiwa habari ya mzee alikuwa na udhuru, na udhuru wake haukuisha. Mwishowe Hilary na mumewe Graham, ambaye alikuwa mhandisi wa maji na amezeekea Oman, wakampa mzee chumba cha chini, kile kinachotazama barabara.

"Umempeleka mzee wa watu jangwani akaungue na jua," Keith alimwambia kwenye simu.

"Njoo umchukue basi. Nauli nitakulipia mimi."

Keith akaanza kuuliza habari za hali ya hewa.

Asubuhi zilipita vizuri. Ilikuwa alasiri ndiyo mbaya. Jua likianza kuinama, mzee alianza kuhangaika, anafungua makabati, anauliza treni ya saa ngapi, anamwambia Hilary kwamba lazima arudi kwao, mama yake atakuwa na wasiwasi. Tessa, bintiye Hilary, mwanzoni alikuwa akimjibu babu yake kwa upole. Baadaye akawa anatoka shule, anapanda juu na kufunga mlango. Hilary hakumlaumu. Yeye mwenyewe angekuwa na mlango wa kufunga, angeufunga.

Siku moja alikwenda kuanua nguo, aliporudi akakuta geti wazi na mzee hayupo. Ulikuwa mwezi wa Juni, lami inachemka. Alikimbia mpaka dukani, mpaka msikitini, akarudi, na hapo ndipo alipoisikia sauti ya baba yake ikitoka kwenye baraza la jirani.

Baraza hilo lilikuwa chumba kilichojengwa ukutani, mlango wake unaelekea barabarani, na kila siku baada ya sala ya alasiri mwenye nyumba, Mzee Muhanna, alikaa hapo na kahawa yake. Hilary alikuwa akimsalimia kwa miaka tisa bila ya kuvuka kizingiti. Sasa alimwona baba yake amekaa kitako juu ya zulia, viatu amevua, kokwa za tende zimejaa kisahanini mbele yake, anaeleza habari za treni za makaa ya mawe. Mzee Muhanna alikuwa akimsikiliza kwa makini. Norman alipomaliza, yeye naye akaanza, kwa Kiarabu, na kwa jinsi alivyokuwa akionyesha kwa mikono, ilikuwa habari ya mbuzi. Norman akatikisa kichwa. "Ndiyo shida yao hiyo," akasema.

"Samahani sana, Mzee Muhanna," Hilary alisema kwa Kiarabu chake cha sokoni. "Baba yangu haelewi. Amepotea tu."

"Nani amepotea? Mtu yuko barazani, anakunywa kahawa, wewe unasema amepotea." Akammiminia Norman kikombe kingine. "Nenda kapumzike, binti yangu. Tukimchoka tutakurudishia."

Hawakumchoka. Tangu siku hiyo, ikifika alasiri, Norman alinyoa ndevu, akavaa shati la mikono mirefu, akasimama getini. "Yule bwana ananingoja," alikuwa akisema. Jina la Muhanna halikumkaa mdomoni hata mara moja, lakini njia aliijua, na uso aliujua. Alijifunza kutikisa kikombe akitosheka. Bibi Zuwena, mke wa Mzee Muhanna, alikuwa akimletea halua, na Hilary naye akawa anapeleka keki, ambayo Mzee Muhanna aliila kwa adabu na kuisifia ingawa ilikuwa kavu. Ndani ya saa hizo mbili za kila siku Hilary aliweza kulala, au kukaa tu jikoni bila ya kuulizwa kitu. Hata Tessa alianza kushuka.

Mzee Muhanna alifariki mwanzoni mwa majira ya baridi, ghafla, akiwa shambani kwao upande wa Samail. Wakamzika siku hiyo hiyo.

Hilary alimvalisha baba yake koti, akampeleka kuhani msiba. Baraza lilikuwa limejaa wanaume waliovalia kanzu nyeupe. Yakubu, mwana mkubwa wa marehemu, aliinuka akampisha Norman mahali pake. Norman akanywa kahawa, akaangaza huku na huku.

"Watu wengi leo," alimwambia Hilary walipotoka. "Lakini yule bwana mwenyewe yuko wapi?"

"Amefariki, baba. Nilikwambia asubuhi."

Mzee alisimama katikati ya njia. Midomo ilimcheza, kisha akalia, kilio cha mtoto, bila ya kuufunika uso. Hilary alimshika mkono mpaka nyumbani.

Kesho yake, alasiri, alimkuta amekwisha nyoa ndevu.

"Unakwenda wapi, baba?"

"Kwa yule bwana. Ananingoja."

Akamwambia. Akalia tena, machozi yale yale, kama ndiyo kwanza aisikie habari. Siku iliyofuata ikawa hivyo, na iliyofuata pia. Kwa watu wengine matanga yalikuwa yamekwisha anuliwa, lakini kwa Norman marehemu alikuwa akifa kila siku.

"Usimwambie," Graham alisema. "Mwambie amesafiri."

"Nimdanganye baba yangu?"

"Hilary, unamfishia mtu rafiki yake kila siku saa kumi. Uongo gani utakuwa mbaya kuliko huo?"

Akajaribu. Alimwambia amesafiri, amekwenda Nizwa kwa jamaa zake. Norman hakulia. Alikaa juu ya kiti cha ukumbini na shati lake safi, akavitazama viatu vyake.

"Hakuniaga," akasema.

"Alikuwa na haraka, baba."

"Labda nimemuudhi. Mimi nasema sana, mama yako alikuwa akiniambia." Na akakaa hivyo mpaka giza likaingia, akitafuta kosa lake ni lipi. Siku ya pili alisema maneno hayo hayo, na ya tatu. Hapo Hilary akaona hana pa kushika: ukweli unamliza, na uongo unamfanya aone kwamba ametupwa.

Yakubu ndiye aliyekuja kugonga. Alikuwa mtu wa benki, mnene kidogo, ambaye siku za uhai wa baba yake alikuwa haonekani barazani ila siku za sikukuu.

"Mama Tessa, mama ananiuliza, ami, baba yako, mbona haji?"

Hilary alimweleza yote pale pale mlangoni. Yakubu akasikiliza akiikunjakunja kofia yake.

"Mlete," akasema. "Mimi natoka kazini mapema siku hizi."

Norman alipoingia na kumwona Yakubu ameegemea mto wa baba yake, na birika la kahawa mkononi, alisimama kidogo.

"Umenenepa," Norman akamwambia.

Yakubu alisoma Uingereza. Aliyaelewa maneno vizuri. "Ni mambo ya halua ya mke wangu," akajibu. "Karibu, kaa."

Ikawa ndiyo desturi. Jioni moja Hilary alikwenda kumchukua mzee, akamkuta Yakubu peke yake anakusanya vikombe, Norman yuko uani na Bibi Zuwena wakitazama mbuzi.

"Nakuona umejitwika mzigo usiokuwa wako," alimwambia. "Una watoto wewe, una kazi."

"Mama Tessa, humu mtaani kila mtu anajua baba amekufa. Mimi najua, mama anajua, hata huyo mwenye duka. Ami peke yake ndiye asiyejua." Akavipanga vikombe. "Baba alikuwa akinipigia simu, njoo ukae kidogo. Namwambia kesho. Sasa nakuja kukaa na mtu ambaye kwake baba yuko."

Hilary alichukua sinia. Alimsaidia kuvibeba vikombe ndani.

Ilipita miezi. Kisha ikaja alasiri moja Hilary alipomkuta baba yake bado na nguo za kulalia, amekaa dirishani, ndevu nyeupe zimemtoka.

"Baba, saa imefika. Yule bwana anakungoja."

"Bwana gani?"

"Wa barazani. Wa kahawa."

Norman alimtazama kwa upole, kama mtu asiyependa kumvunja moyo mgeni. "Simjui," akasema.

Siku zote hizo Hilary alikuwa akiingoja siku hiyo, akidhani itamletea nafuu. Alitoka kwenda kwa jirani akiwa pekupeku. Yakubu alikuwa amekwisha tandika, tende ziko kwenye sahani.

"Haji leo?"

"Haji."

"Anaumwa?"

"Haumwi. Amesahau, Yakubu."

Yakubu alikaa chini. Siku ya maziko alikuwa amepokea watu mlangoni kwa macho makavu, na mtaa ukamsifu kwa uvumilivu. Sasa alijifunika uso kwa mikono yote miwili akalia, na Bibi Zuwena akatoka ndani mbio kuuliza nani tena amekufa. Hilary akamweleza. Yule bibi akakaa baina yao, akawashika wote wawili.

Aliporudi, baba yake alikuwa bado dirishani. Alimletea chai ya maziwa na biskuti, akaanza kumsafisha vidole.

"Wewe una watu wako hapa, bibie?" mzee akamuuliza.

"Ninao. Mume, na binti. Na baba yangu."

"Ah, baba yako yupo." Norman akafurahi. "Mtu wa namna gani?"

Hilary akamwambia: mtu wa reli, mpole, anayesema sana. Mzee akawa anacheka hapa na pale. Siku nyingine alimuuliza tena, naye akamsimulia tena, na hivyo wakaendelea mpaka maneno yenyewe yakamtoka mzee kabisa, na baada ya maneno, pumzi.

Walimzika katika makaburi ya Wakristo, asubuhi, kabla jua halijachoma. Keith aliweza kufika safari hii. Alikuta jeneza limebebwa na Graham, Yakubu na wadogo zake, akasimama pembeni na maua yake, hajui ashike wapi. Yakubu akasogea akampa nafasi.