Daktari wa Bango

Vidole vya Joyline vilikuwa vimevimba, lakini kichwa cha Ciru kilikuwa bado nusu. Alivipaka mafuta, akavinyoosha, akaendelea kusuka. Ciru alikuwa mwanafunzi wa udaktari, mwaka wa tatu, na kama wenzake alivuka barabara kuja Kenyatta Market kwa mambo mawili tu, nyama choma na nywele. Daftari lilikuwa wazi mapajani mwake. Alijisomea kwa sauti majina ya mishipa ya shingo, huku shingo yake mwenyewe ikivutwa huku na huku.

"Na wewe unaripoti lini?" aliuliza.

"Wiki ijayo. Tukipata karo."

"Si mli-appeal?"

"Tuliambiwa tungoje."

Joyline alikuwa ameitwa katika chuo hicho hicho cha Ciru. Alikuwa amekitazama tangu akiwa msichana mdogo anayemletea mama yake chai kibandani, na alikitaka hadi kikawa kinamuuma. Kilichomponza ni anwani. Alipojaza maombi ya msaada wa karo mtandaoni aliulizwa anaishi wapi, naye, kwa ujinga wa mtu mkweli, akajibu Woodley. Wakubwa wakasoma Woodley, wakampanga na watoto wa wenye magari. Hawakuuliza kama analala ndani ya nyumba au nyuma yake, katika chumba kimoja kilichojengewa watumishi, ambamo mvua ikinyesha kitanda huhamishwa mara mbili.

Ciru alipoondoka, mama yake Joyline, Awiti, alivuta kiti akaketi.

"Madam bado anasema utasoma bure kwake," alisema. "Bure, nyathina, mwanangu. Miaka yote."

Madam alikuwa Nyawira wa Lavington, ambaye Awiti humwendea nyumbani kila mwezi kumsuka. Alikuwa na chuo chake cha udaktari katikati ya jiji, ghorofa mbili juu ya duka la simu. Mwenyewe hupenda kuitwa Daktari, ingawa hakuna aliyewahi kumwona akimtibu hata kuku.

"Mama, pale hakuna hospitali. Wanaonyeshwa operation kwa TV. Wakimaliza, hakuna mtu anawachukua."

"Nani amekwambia?"

"Customers wetu. Wako third year, wanajua."

"Mkono mtupu haulambwi, Joy. Na furaha hailipi karo."

"Pale nitapata cheti tu. Mimi nataka kuwa daktari, Mama. Nisipoingia hapa, sijui nitafanya nini na maisha yangu."

Awiti alimtazama mwanawe, kisha akavitazama vile vidole.

"Sawa," alisema. "Wacha tufanye harambee. Madam nitamwambia hapana."

Hakumwambia. Utamwambiaje hapana mtu ambaye kichwa chake ndicho kodi ya nyumba?

Harambee ilifanyika Jumapili, baada ya ibada, katika kanisa lao la Woodley ambalo nusu ya paa ilikuwa mabati na nusu turubai. Mchungaji Zadock aliweka ndoo ya bluu mbele ya madhabahu. Wasusi walikuja na leso zao zilizofungwa fundo. Odhiambo, mchoma nyama, alitia jasho la wiki nzima, akarudi kwenye benchi akijifanya anakohoa. Walioishi ndani ya nyumba walitoa, na walioishi nyuma yake walitoa zaidi. Hesabu ilipofanywa, mchungaji alishika kipaza sauti akatangaza kwamba muhula wa kwanza umetimia. Joyline alilia palepale, mbele ya watu, bila kuona haya. Muhula mmoja. Mingine ingetafutwa, lakini angekuwa ameshaingia.

Ndipo gari jeusi lilipoingia uani.

Nyawira alitembea hadi mbele bila kuitwa. Kumbe mpiga picha wake alikuwa ameshafika zamani, amesimama karibu na kinanda. Awiti alijitoa haraka kwenye kiti cha mbele ili mgeni akae, lakini mgeni hakuja kukaa.

"Mimi nimesikitika sana," alisema Nyawira. "Mtoto mwerevu hivi, kweli aombeombe term moja moja? Hapana. Leo nampa miaka yote sita! Full scholarship, kwa chuo changu!"

Kanisa lililipuka kwa vigelegele. Watu walisimama juu ya mabenchi. Awiti alijifunika uso kwa viganja, kisha miguu yake ikaanza kucheza yenyewe, kitambaa cha kichwa mkononi, akikipunga juu. Labda alisahau alichoahidi. Labda hakusahau, ila mwili uliochoka ukipewa nafasi ya kuketi hauulizi kiti ni cha nani.

"Mpewa hapokonyeki!" alinguruma Mchungaji Zadock. "Wapendwa, Bwana amejibu kabla hatujamaliza kuomba. Sasa hii ya ndoo, mnaonaje tukimalizia paa?"

"Ameen!" walijibu, na Odhiambo naye alijibu. Mzee wa kanisa aliinyanyua ndoo akaipeleka ofisini.

Kipaza sauti kikawekwa mkononi mwa Joyline. Nyawira akamzungushia mkono begani, akamgeuza kidogo aelekee kamera, akamnong'oneza huku anatabasamu.

"Mama yako na mimi tumetoka mbali. Usituaibishe."

Joyline alikuwa na maneno mdomoni, mafupi na ya adabu: nashukuru, lakini. Aliyapanga mara ya kwanza, akayapanga tena. Alimtafuta mama yake kwa macho. Awiti alikuwa ameacha kucheza. Kitambaa kilikuwa kimebaki juu hewani, na uso wake ulikuwa ukimwomba mtoto wake kitu ambacho hakuna mzazi anayethubutu kukitamka. Kipaza sauti kilitoa mlio wa kukwaruza. Watu wakangoja.

"Asante," alisema Joyline. "Asante sana, Daktari."

Mwaka haukuisha. Katika ghorofa zile mbili juu ya duka la simu palikuwa na viti vipya, mwanasesere mmoja wa kujifunzia ambaye hakuwahi kuvuliwa plastiki yake, na mwalimu mmoja aliyekuwa akija siku alizolipwa. Siku ya kwanza walimvika Joyline koti jeupe na stetoskopu shingoni, wakampiga picha, kisha wakachukua koti. Wakaguzi walikuja wakafunga milango. Ofisi ikasema ni kwa muda. Wazazi waliolipa walijazana ngazini wakidai chao, na waliopiga kelele zaidi wakarudishiwa kidogo. Joyline alipofika dirishani, karani alimtazama kwa mshangao wa kweli.

"Na wewe unadai nini, na hukulipa kitu?"

Alirudi sokoni, akavuka barabara hadi chuo cha Ciru. Nafasi yake ilikuwa imepewa mwingine, na huyo mwingine, Mungu ambariki, hakuwa na kosa lolote.

Picha ndiyo iliyodumu. Waliikuza wakaipandisha kwenye bango la barabarani, juu kabisa ya vibanda vya Kenyatta Market: Joyline na koti jeupe, Joyline na stetoskopu. Chini yake iliandikwa USAJILI UNAENDELEA. Wachoma nyama walikuwa wakimwita "Dakitari!" akipita, mwanzoni kwa fahari, baadaye kwa utani, siku hizi kwa mazoea.

Wakati wanafunzi wapya walipoanza kuitwa tena vyuoni, Ciru alikuwa amekaa kwenye kiti kilekile, sasa mwaka wa nne, kichwa nusu. Awiti alikuwa akifunga vitana kwenye mfuko. Ilikuwa siku yake ya Lavington, kwa Madam.

Mama mmoja alisimama mlangoni mwa kibanda, viatu vimejaa vumbi la safari, akiwa amemshika mkono msichana aliyevaa sweta ya shule.

"Samahani," alisema. "Si ni wewe uko pale juu?"

Ciru aliinua macho kutoka kwenye daftari.

"Ni yeye, Mama," alisema msichana.

"Sisi tumetoka Bungoma. Huyu Mercyline ameitwa hii ya serikali hapa, lakini pesa ni mingi, hatuwezi. Kwa ofisi ya ile yenu wameniambia nikilipa deposit leo, atapata nafasi wakifungua. Baba yake ako na ng'ombe mbili kwa kamba, ananingoja nimwambie auze ama asiuze. Si ni shule mzuri?"

Joyline alimtazama mama yake. Awiti alikuwa amesimama, mfuko wa vitana kifuani, na uso wake ulikuwa uleule wa kanisani.

"Wacha nimtumie picha, ndio aamini," alisema yule mama, tayari akirudi nyuma na simu ili bango nalo lienee kwenye picha. "Mercy, kaa karibu na yeye. Haya, daktari."

Joyline aliachilia nywele za Ciru. Akafungua kinywa.

"Hivyo hivyo!" alisema yule mama kwa furaha, akabonyeza.