Kipa Aliyeuzwa kwa Kiingereza

Emrys Pritchard hakuwa na urefu wa kipa. Hakuwa na glavu, wala meno mawili ya mbele, wala kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kilichobakia katika mgodi wa makaa kwao Wales. Hakuwa na sauti ya kuwakemea mabeki. Kwao alidaka miaka sita katika timu ya mji mdogo, akaitwa mara moja kuwa kipa wa akiba wa taifa, akarudi nyumbani bila kucheza. Mwaka 1953 akaja Unguja kuwa fundi wa mitambo ya umeme, na jioni akawadakia vijana wa Kikwajuni bila kudai hata soda.

Yote hayo Ghanim aliyaandika vizuri. Alikuwa beki wa kulia wa timu ile ya Kikwajuni. Mwaka 1998, akiwa mzee anayeishi Al Amerat, Oman, aliandikiwa na klabu ya zamani ya Emrys: wanatengeneza kijitabu cha kumkumbuka marehemu, naye aeleze anayoyajua. Bintiye Hajar, karani wa wizara huko Maskati, akamwambia, "Nipe nikupitishie macho, Baba."

"Wewe? Mimi nimesoma Kiingereza shule ya usiku, kwa taa ya chemni, mama'ko hajakuzaa!"

Akaiandika makala yake kwa Kiingereza, akaipeleka posta bila kumwonyesha mtu.

Mwaka uliofuata kijitabu kikafika, na ndani yake barua ya Eirlys, binti wa Emrys. Ghanim akaanza kuisoma kwa sauti sebuleni, kifua mbele, huku akiifasiri ili mkewe asikie.

"Mama yangu ana miaka themanini. Ameacha kwenda kanisani kwa maneno ya watu. Umesema baba yangu aliuza mechi ya fainali. Alimuuzia nani? Niambie ukweli, hata ukiwa mchungu."

Akaishusha barua. "Wallahi sikusema hivyo!"

Hajar akakipekua kijitabu, akaziba mdomo kwa kiganja. "Umesema, Baba. Hapa hapa. Ulikusudia nini?"

"Kwamba alituuza! Mvua imenyesha Mnazi Mmoja, mpira wa ngozi umelowa, ukampita katikati ya miguu. Uwanja mzima tukapiga kelele, kipa katuuza! Na mimi nikiwemo. Kipa gani asiyeambiwa hivyo akifungwa goli la kijinga?"

"Huambiwa kwa Kiswahili. Kwa Kiingereza, kuuza mechi ni kuuza. Wamefahamu kuwa kahongwa."

Ghanim akakaa chini, masikio yakiwaka moto. Majirani walimletea karatasi zao za Kiingereza awasomee, na walimwita Mwalimu. Mwalimu huyo ndiye aliyemfanya maiti mwizi.

"Waandikie kuwa wapiga chapa wamekosea," Mahfoudha, mkewe, alisema kutoka jikoni. "Nani atajua? Wales iko wapi na sisi tuko wapi, bwana we!"

Shauri lile lilimpendeza, na kupendezwa kwake kukamzidishia haya. Hata hivyo akachukua karatasi, akaanza: "Wapiga chapa wenu..." Kalamu ikagoma. Alimwona yule bibi kizee Jumapili, kavaa nguo za kanisani, kakaa kwake kwa kuogopa macho ya watu. Akaichana karatasi.

Akaandika upya, kwa Kiswahili, akampa Hajar. "Ifasiri. Usinipambe."

"Bibi Eirlys," Hajar alisoma, "baba yako hakuhongwa na mtu. Mpira ulimponyoka tu. Kwetu kipa aliyeteleza huambiwa ametuuza, na hayo ni maneno ya hasira na mzaha wa uwanjani. Mimi niliyafasiri neno kwa neno, kwa sababu majivuno yangu ni makubwa kuliko Kiingereza changu. Barua hii isomwe kanisani kwa sauti, na jina langu litajwe."

Hajar akainua macho. "Hapa pa majivuno, nipalainishe kidogo?"

"Paache."

"Watakucheka kanisa zima, Baba."

"Nnajua. Fasiri."

Asubuhi bintiye akampitisha posta ya Ruwi. Ghanim alisimama mbele ya kaunta, akazikunja karatasi mbili, ya Kiswahili na ya Kiingereza, akazitia katika bahasha. Akailamba gundi, akaubana ukingo kwa kidole gumba mara mbili, akaitumbukiza sandukuni, akarudi garini.