Mkono wa Theonest kwenye Oksijeni

Kule Rwamgasa, mchimbaji aliye chini ya duara, yaani shimo la dhahabu, akilalamikia pumzi, wa juu haulizi maswali: anafungulia mashine ya hewa mpaka mwisho. Theonest alikuwa wa juu, Jilala wa chini, na urafiki wao ulidumu kwa kanuni hiyo hadi vumbi la mawe lilipoyamaliza mapafu ya Jilala na kumfikisha hospitali mjini Shinyanga, akihema kwa mabega.

Daktari Noela alimwekea oksijeni, akaipima kwa uangalifu, akaenda kwa mgonjwa mwingine. Theonest akakitazama kipimo cha ukutani: kigololi chake kimekaa chini kabisa. Akachukia. Yaani hata hewa nayo wanaibania?

“Mama Eliya,” akamwambia mke wa Jilala, “hawa wanatuona washamba.” Akakizungusha kitasa mpaka kigololi kikagota juu.

Haikupita muda, Jilala akatulia. Midomo ikapata rangi, macho yakafumba, akaanza kukoroma. Theonest akavimba kichwa.

“Umeona? Amelala kama mtoto mchanga!”

Mama Eliya hakuona la kushangilia. Alimtikisa mumewe, akamtukania ukoo mzima, ng’ombe wa mahari wakiwamo. Kimya.

“Huyu hajalala,” akasema. “Jilala ninayemjua mimi hawezi kuacha kunijibu.” Akatoka mbio akipiga kelele.

Noela aliingia, akakiona kigololi, akarudisha kitasa chini kabla hajafungua mdomo.

“Nani amefungulia?”

“Mimi, daktari. Alikosa hewa.”

“Baba, mapafu yake yamechoka. Ukimjaza oksijeni kupita kiasi, hewa chafu inamlundikia mwilini, inamlevya. Usingizi huu unaua.”

Wakamvalisha barakoa ya mashine ya kumsaidia kupumua. Theonest akaegemea ukuta. Majigambo yote yalimtoka. Alilia waziwazi, mzee mzima, akimwomba Mungu asimchukue rafiki yake kwa mkono wake yeye.

Jua lilipoanza kuteremka, Jilala akafumbua macho. Noela akaiinua barakoa kidogo anyweshwe maji, na Mama Eliya, ambaye jambo halimkai tumboni, akamsimulia mumewe yote. Theonest akajikunyata, akaanza kuusogelea mlango.

“Bebe, wewe, unakwenda wapi?” Jilala akauliza kwa sauti ya mkwaruzo. “Kaa hapa, karibu yangu.”

Akavuta pumzi, akamgeukia mkewe.

“Mama Eliya, mshike huyo mikono. Yote miwili.”