Kaseti ya Pili

Swali la Agathe lilikuwa moja tu, kama baba wa kwenye filamu anarudi nyumbani, na Papa Barthélemy alikuwa amelizoea hata akawa analijibu kabla hajaulizwa. Duka lake lilikuwa chini ya ghorofa moja refu la Albert Park. Watu walikuja hapo kupiga simu Bukavu na Lubumbashi, na wakitoka walikodi kaseti za video. Agathe akisukuma mlango tu, mzee aliinua kichwa.

"Hii papa anarudi," alisema. "Hii pia anarudi, lakini na muguu moja."

"Muguu moja si mbaya. Nipe."

Usimdhanie mjinga. Miaka kumi na moja alikuwa amefundisha historia katika shule ya wasichana ya Bukavu, na alijua vita huishaje. Lakini sasa ilikuwa Julai 1998, Durban, na yeye alikuwa msusi katika saluni ya mtaa wa pili. Mwanafunzi aliyebaki naye ni mmoja, binti yake Mireille wa miaka kumi na miwili, aliyesomea kwenye meza ya jikoni kwa sababu shule tatu zilimkataa. Hazikumkataa kwa ukali. Zilitaka tu sahihi ya baba kwenye fomu, na kama baba hayupo, cheti cha kifo.

Agathe hakuwa na sahihi wala cheti. Alikuwa na saa ya mkononi ya mumewe. Jirani aliyemzika mume huyo nje ya mji, Novemba 1996, ndiye aliyemfikishia saa hiyo kambini Kigoma, na tangu siku ile ilikaa ndani ya mkebe wa vibanio vya nywele. Mireille alikuwa ameshaambiwa kwamba Papa amebaki kulinda nyumba, na vita vikiisha atawafuata. Agathe aliusema uongo ule njiani, mara moja, ili mtoto akubali kuendelea kutembea. Mtoto akatembea. Baada ya hapo mama mtu hakupata mahali pa kuutua.

Shule ya nne, huko juu Berea, ilikubali kumpima mtoto kwanza, mambo ya fomu yafuate baadaye. Mtihani ulikuwa wa Agosti, na ndani yake vilikuwamo vita viwili vikuu vya dunia. Haikuwezekana kuviruka. Basi mwalimu akafanya wafanyavyo walimu wenye hofu. Akachagua.

Vitabu vililetwa na Truphosa, Mkenya aliyekuwa akisomea shahada ya pili, aliyekuja kusukwa kila baada ya wiki tatu. Aliviazima kwa kadi yake ya maktaba. Jumapili baada ya kanisa Agathe alivipanga mafungu mawili. Kitabu chenye picha za makaburi kilirudi. Kitabu cha barua za askari kilirudi pia, maana barua zilikatika ukurasa wa tisini na hazikuelezwa zaidi. Kilichobaki kilikuwa kile cha mwoka mikate aliyetoka kambi ya wafungwa akakuta tanuri yake bado ipo. Na cha mwalimu aliyerudi kijijini kwao amekonda mpaka mbwa wake akambwekea.

"Mama Mireille, hii sasa si historia," Truphosa alimwambia siku moja akiwa kwenye kiti cha saluni. "Umemchagulia tu wale walikuwa na bahati."

"Ni mutoto."

"Najua. Lakini mtihani atafanya ule wa watu wote."

Agathe aliendelea kusuka, akakaza zaidi kidogo kuliko nywele zilivyohitaji, na Truphosa akajifanya hakuhisi.

Filamu zilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu kitabu unaweza kukipekua mwisho wake ukiwa umesimama. Ndipo alipomhitaji Papa Barthélemy, aliyekuwa amezitazama zote. Hata yeye filamu moja ilimponyoka. Filamu ile ilikuwa ndefu, ya kaseti mbili, na ya pili ilikuwa kwa mteja mwingine. Agathe akachukua ya kwanza bila kujua. Ikakatika baba akiwa amelala kifudifudi kwenye theluji. Mireille hakula siku mbili. Kaseti ya pili ilipopatikana, watu walimgeuza yule baba wakamkuta anapumua, akapona, akarudi kwa treni. Mtoto akala sahani mbili za bugali na sombe ya majani ya muhogo, na Agathe akamshukuru Mungu kwa kaseti.

Alhamisi moja Mireille alimletea insha. Alisimama kando huku mama akisoma, mikono nyuma, kama wanafunzi wote wanaojua wamepata. Kichwa kilisema *Vita huisha namna gani*. Chini yake palikuwa na jedwali lililopigwa kwa rula. Safu ya kwanza ilikuwa ya vitabu na filamu, kumi kwa jumla. Ya pili, mwezi vita vilipoisha. Ya tatu, mwezi baba alipofika nyumbani. Wengi walifika mapema. Aliyechelewa kuliko wote alichukua miezi kumi na minne, kwa kuwa alitoka mbali na alitembea kwa miguu. Mwisho wa jedwali aliongeza mstari wa kumi na moja: *Vita yetu. Imeisha Mei 1997. Papa: Julai 1998.*

Agathe alikuwa ameshika kalamu nyekundu. Alitafuta kosa, akalitafuta tena. Hesabu zilikuwa sawa. Mifano yote ilitoka katika vyanzo vilivyotolewa na mwalimu.

"Ni huu mwezi, Maman," alisema Mireille. "Ile fomu ya shule usiihangaikie. Nimeacha nafasi, atasaini yeye mwenyewe. Jumamosi twende stesheni. Mabasi ya Johannesburg yanafika saa nane."

Hapo ndipo pa kusema. Agathe alilijua hilo kabisa, maneno yakafika mpaka kwenye meno yakasimama. Alimwonea mtoto huruma, akajionea huruma mwenyewe, kisha akajichukia. Akaandika kumi na nane juu ya ishirini, kwa sababu hakujua afanye nini na mkono ulioshika kalamu.

"Umeandika muzuri," alisema.

Kesho yake alisimama mbele ya Papa Barthélemy muda mrefu.

"Leo nipe moja ambayo papa harudi."

Mzee hakumtania. Alivua miwani akaifuta. "Hizo ndizo nyingi, Mama Mireille. Ule ukuta wote." Alitembeza kidole kwenye rafu mpaka akatoa moja. "Hii iko safi. Damu hakuna. Barua tu inafika."

"Ni kaseti ngapi?"

"Moja. Inaishia hapo."

Alikuwa na mpango. Siku zote alipokuwa na somo gumu alianza na picha, darasa likishaona ndipo alipoeleza. Filamu ingesema kwanza. Kisha yeye angetoa saa ile aiweke mezani, na pengine asihitaji kusema mengi. Jumamosi aliomba ruhusa saluni, siku yenyewe ya wateja, akaazima mashine ya video ya jirani. Saa akaitia mfukoni.

Walitazama bega kwa bega. Mireille alikuwa tayari amevaa nguo ya kanisani. Katika filamu mwanamke alikuwa akianika nguo, tarishi akaja, mwanamke akasoma barua amesimama. Akaikunja. Akaendelea kuanika, shati moja la kiume, na jingine. Muziki ukapanda na majina ya watu yakaanza kupita. Agathe alikuwa ameishika saa mfukoni kwa nguvu hata ikawa na joto la mkono wake.

Mireille aliinuka, akaitoa kaseti, akaigeuza akisoma karatasi iliyobandikwa.

"Maman, umesahau kaseti ya pili."

"Mireille. Hii haina—"

"Iko. Hata ile ingine ulisahau." Alisema kwa upole, alivyozoea kumkumbusha mama yake mwavuli. "Papa Barthélemy anazichanganya. Tutapita pale, kisha stesheni."

Alikuwa ameshaanza kuvaa viatu. Agathe alimtazama akifunga mikanda yake, kichwa kimeinama, mistari ya nywele aliyomsuka mwenyewe imenyooka. Miaka kumi na moja mbele ya darasa, na hakupata sentensi moja.

"Ndiyo," alisema. "Nimeisahau."

Duka lilikuwa na watu wawili wanaongoja simu. Mireille akapenya katikati yao, akaiweka kaseti juu ya meza, akasalimu kwa adabu.

"Papa Barthélemy, tunakuja kuchukua ya pili. Ile ambayo anarudi."

Mzee akamtazama Agathe. Agathe alitazama sakafu, mkono mfukoni. Barthélemy akaivaa miwani yake, akageukia ukuta, akaanza kutafuta.