Mnyama wa Buluu

Mimi ni fundi wa kuunga vyombo vilivyovunjika, na hasira zangu ziko karibu. Mteja akiniambia "kazi ndogo tu hii", namrudishia vigae vyake hapo hapo. Kwa hiyo babu na bibi mmoja walipoingia karakanani wameshikilia beseni, kila mtu ukingo wake, nilikuwa nimeshakunja uso. Kisha nikaona kilichomo, uso ukakunjuka wenyewe.

Ulikuwa mtungi wa zamani, wa kijivu, wa ule udongo unaochomwa kwa moto mkali mpaka ukiugonga unalia kama kengele. Tumboni pake mfinyanzi alichora mnyama wa buluu. Mkia umejikunja, miguu imekakamaa kama ya meza, na chini yake majani. Shingo ilikuwepo, imeinama. Kichwa ndicho kisichokuwepo, kigae chake kilisagika kikawa unga.

"Alikuwa mnyama gani?" nikauliza.

"Mbwa," akasema bibi.

"Mbwa," akadakia babu. "Kama anavyosema mama watoto."

Bibi akamtazama, akashusha pumzi, akamtuma dukani kununua maji ya kunywa. Alipotoka tu, akanisogelea.

"Mwanangu, mume wangu mgonjwa."

"Pole, bibi. Anaumwa nini?"

"Ananikubalia kila kitu."

Nikacheka, naye akanikata jicho. Mtungi huo, akaniambia, waliununua wiki ya harusi yao. Tangu siku hiyo yeye husema mbwa, mumewe husema mbuzi, na hapiti mgeni nyumbani kwao bila kuitwa aamue. Watoto wao wamekua wakipiga kura. Sasa mzee ameuangusha akiufuta vumbi, na kwa kujiona mkosaji habishi tena, ametulia kama maji mtungini.

"Jana nimemtilia chumvi kwenye chai, makusudi. Nikamuuliza, vipi? Akasema tamu." Machozi yakamlengalenga. "Nimechoka kukubaliwa, fundi. Nyumba imepoa. Mchore mbuzi. Mzee ashinde, achangamke, anirudie. Na usimwambie nimekuomba. Akijua, atabisha kwa adabu, na ubishi wa adabu una raha gani?"

Aliniingia moyoni. Lakini shangazi yangu, aliyenifundisha kazi hii, alinipa sheria moja: kisichokuwepo hakichorwi. Nikamwambia hivyo. Bibi akasema sina huruma, na babu aliporudi na maji wakaondoka bila kuniaga, beseni wakaniachia.

Jioni babu akarudi peke yake, eti amesahau kofia, na kofia iko kichwani.

"Fundi, chora mbwa," akanong'ona. "Nimemvunjia mtungi wake. Hata ushindi nisimpe?"

Nilitaka kumshika mabega nimtikise. Nikauma ulimi, nikamfukuza kwa upole, yaani kwa upole ninaouweza mimi.

Nikaunga vigae, nikaziba pengo kwa plasta, nikapiga msasa mpaka kidole hakihisi kiungo. Kisha nikakaa na brashi mkononi na rangi ya buluu mbele yangu, nikiwalaani wazee wote wawili. Nikichora mbuzi, nimevunja sheria na babu atajiona amempora mkewe. Nikichora mbwa, bibi ataendelea kuishi na mume wa kuitikia. Nikaosha brashi. Pengo likabaki la kijivu, tupu.

Walipokuja kuuchukua, nikauweka mezani, nikafuta mikono, nikangoja matusi.

Bibi akaliangalia pengo. "Hana kichwa," akasema, kwa sauti ya mtu aliyekata tamaa.

"Usihuzunike, mama watoto," babu akamuwahi, akiinama karibu na mtungi. "Kichwa anacho. Hakionekani tu, amekiinamisha. Si unaona shingo? Yuko kwenye majani, anakula."

Nikamwona anayasikia maneno yake mwenyewe. Akamtazama mkewe, akautazama mtungi, akakuna shavu. Nikamwona anajizuia, anajizuia, anashindwa.

"Sasa," akasema polepole, "mbwa anakula majani?"

Bibi akavuta pumzi ya nguvu. "Anakula! Mbwa akiumwa tumbo hula majani, kila mtu anajua!"

"Aumwe tumbo tangu harusi yetu?"

"Ana tumbo baya! Kama lako!"

"Huyo ni mbuzi, mwanamke! Ni mbuzi, amekuwa mbuzi siku zote, na ile chai ilikuwa na chumvi!"

Bibi akapiga makofi. Uso wake ulikuwa umelowa machozi, na sijawahi kuona mtu akifokewa na mumewe akafurahi vile. Wakatoka wameshikana mikono, wakipigiana kelele barabara nzima, watu wakiwageukia. Mtungi waliuacha juu ya meza yangu. Nikaubeba, nikawakimbilia, na nilipowafikia wote wawili wakanigeukia kwa pamoja wakanitaka niamue.