Mgonjwa Mmoja, Mwangalizi Mmoja

Ofisini mwao kulikuwa na sheria: hakuna kugusa kompyuta kabla mchoro haujaiva ubaoni. Programu ya simu waliyokuwa wakiiunda ingewakumbusha watu wanaouguza wazazi nyumbani saa za dawa na siku za kliniki, na kazi ya kuichora alipewa binti mmoja, kitinda mimba kwao, ambaye wenzake walimwita Injinia. Alikuwa na mdomo, huyo! Akachora kisanduku cha mgonjwa, kisanduku cha mwangalizi, na mstari mmoja kuviunganisha.

"Mgonjwa hawezi kuwa na waangalizi wawili?" meneja aliuliza.

"Wa nini? Mama yangu anaugua, na anaangaliwa na dada yangu mkubwa. Basi! Tusijitafutie kazi."

Kwa kujiamini kwake, akaileta familia yake mwenyewe ije kuujaribu mchoro. Dada alifika amemshika mama mkono. Meneja akampa kalamu, ajaze visanduku kana kwamba ubao ni simu yake. Dada akaandika jina la mama, kisha lake, halafu akasita.

"Mdogo wangu, wewe nikuweke wapi?"

"Mimi?"

"Si tunamuuguza wote? Hapa pana nafasi ya mtu mmoja tu. Nani kachora hivi?"

Wale wa ofisini wakajifanya wanatazama simu zao. Injinia alihisi uso unawaka. Tangu mama aanze kuugua, yeye alikuwa mtu wa kutuma salamu tu, na sasa dada alikuwa anamsitiri mbele za watu.

"Rahisi," meneja akasema. "Ongeza mwangalizi wa pili, na kila mmoja awe na siku yake. Injinia, yako ni ipi?"

Akachukua kalamu, akachora. Alipofika kwenye siku, akabaki kukoleza mistari ya kisanduku. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Jumamosi," mama akadakia. "Huyu huja Jumamosi. Ana kazi nyingi mwanangu, lakini hakosi."

Dada akainamisha kichwa. Hakukuwa na Jumamosi hata moja ambayo Injinia alikwenda kwao, na wote watatu walijua. Akikana, atamfanya mama mwongo mbele ya wageni. Akinyamaza, anakula sifa isiyo yake. Aliona aibu mpaka kwenye mifupa. Akaandika *Jumamosi*, herufi zikimpinda.

"Ona mwandiko wake," mama akamwambia meneja kwa fahari. "Tangu mdogo anaandika vizuri."